Kufungwa kwa Bahari, 1888–1889

Asimamaye Manda, penye magofu ya Takwa, akautazama mkondo unavyopenya katika mikoko, hatashangaa kwamba pwani hii ni ngumu kufungwa. Tarehe 2 Desemba 1888 manowari za Waingereza na Wajerumani zilianza kuizuia pwani ya Sultani wa Zanzibar, pamoja na Lamu na visiwa vidogo vilivyo karibu na bara, Manda kikiwamo. Silaha zisiingie, watumwa wasitoke, na maasi ya Abushiri bin Salim yafe kwa kukosa baruti.

Je, yalikufa? La. Ilimpasa Wissmann kushusha askari na mizinga, na Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889, zuio lilipokwisha kuondolewa tangu tarehe 1 Oktoba.

Lakini mwaka 1873 Seyyid Barghash alitishwa tu kwamba Unguja itazuiwa, akatia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Tofauti i wapi? Barghash alikuwa na forodha ya kupoteza, na kisiwa chake kiliishi kwa bahari. Abushiri hakuwa na forodha, na nyuma yake palikuwa na bara zima. Tena biashara ile yenyewe, ilipokatazwa majini, ilishika njia ya nchi kavu kuja kaskazini, pande hizi zetu, hata Barghash akalazimika kuikataza huko nako mwaka 1876.