Sidney Poitier: mwosha vyombo aliyefundishwa na redio

Alizaliwa njiti, mjini Miami, Februari 20, 1927. Wazazi wake, Reginald na Evelyn, walikuwa wakulima wa nyanya kutoka Cat Island huko Bahamas, waliovuka bahari kupeleka mazao sokoni. Mtoto alikuwa mdogo kiasi kwamba baba alitafuta boksi la viatu la kumzikia. Mama hakukubali. Alikwenda kwa mpiga ramli, akaambiwa mwanawe ataishi na jina lake litafika mbali. Aliporudi, akaamuru boksi lile litolewe.

Kisiwani hakukuwa na umeme wala maji ya bomba. Sidney, kitinda mimba wa familia, aliishi huko hadi alipofika miaka kumi, Florida ilipozifungia soko nyanya za Bahamas na familia ikahamia Nassau. Hapo ndipo alipoona sinema kwa mara ya kwanza. Ilikuwa ya wachunga ng'ombe wa Marekani, na ilipokwisha alikimbilia nyuma ya jengo kungoja ng'ombe na farasi watoke.

Shuleni hakukaa sana. Akiwa na miaka 15 baba alimpeleka Miami kwa kaka yake, na ubaguzi wa kule ukamsukuma hadi New York. Aliosha vyombo mahotelini, akalala chooni kwenye kituo cha mabasi, akadanganya umri ili aingie jeshini, kisha akarudi kwenye vyombo vyake.

Siku moja aliona gazetini kwamba kikundi cha American Negro Theatre, pale Harlem, kinatafuta waigizaji. Alikwenda. Alisoma kwa kudodosa, kwa lafudhi nzito ya visiwani, na Frederick O'Neal, mmoja wa waasisi wa kikundi, akamtoa nje akimwambia aende akatafute kazi ya kuosha vyombo. Sidney hakuwa amemtajia kazi yake! Njiani akajiuliza: huyu amekiona wapi kilichoandikwa usoni pangu?

Alinunua redio. Kwa miezi kadhaa alisikiliza watangazaji na kurudia kila neno hadi lafudhi ikalainika. Na katika hoteli aliyokuwa akiosha vyombo, mhudumu mmoja mzee wa Kiyahudi, alipogundua kuwa kijana hajui kusoma vizuri, alikaa naye kila usiku baada ya kazi, gazeti mezani, akimfundisha maneno na alama za uandishi. Kwangu mimi, huyu ndiye mtu mkubwa kuliko wote katika historia hii.

Aliporudi Harlem, kikundi kilimpokea, naye akawa akifagia jengo ili alipie mafunzo. Mwaka 1946 alipanda jukwaa la Broadway katika Lysistrata. Hofu ikamvurugia maneno, watazamaji wakacheka, na wahakiki wakamsifu. Mwaka 1950 alicheza daktari katika No Way Out, filamu ya kwanza ambayo wazazi wake waliwahi kuitazama.

Bado njaa haikuisha. Katikati ya miaka ya 1950, mkewe akiwa mjamzito, aliletewa nafasi yenye malipo mazuri ya kucheza baba ambaye bintiye anauawa naye hafanyi lolote. Alikataa, kwa sababu Reginald Poitier asingekuwa baba wa namna hiyo. Akaweka rehani samani za nyumbani kwa dola 75 za kulipia hospitali. Wanaoeleza kupanda kwake kwa bahati tu huisahau siku hii.

Afrika Mashariki nayo imo. Mwaka 1957 alikuwa Kimani katika Something of Value, filamu kuhusu vita vya Mau Mau. Hadithi yake imeelemea macho ya walowezi, lakini Kimani wa Poitier ni mtu kamili, mwenye hasira inayoeleweka. Mwaka 1959, pamoja na Harry Belafonte na Jackie Robinson, alitia saini barua ya kuchangisha fedha za kuwasafirisha wanafunzi wa Kenya kwenda vyuo vya Marekani, mpango aliousimamia mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya.

Aprili 13, 1964, kwa filamu Lilies of the Field, akawa mwanamume mweusi wa kwanza kushinda Oscar ya mwigizaji bora. Alifariki Januari 6, 2022, akiwa na miaka 94. Hata uzeeni machozi yalimlenga alipomtaja mhudumu yule. Hakuwahi kumwona tena ili amwambie asante.