Kilo Mia Nne

SEHEMU YA PILI

ILIPOISHIA: Desemba 2012. Marubani wa shirika moja wamekutana kwenye baa Tabata kuijadili Fastjet, iliyoanza kuruka Novemba 29 kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro, nauli ikianzia shilingi 32,000 kabla ya kodi. Salma, rubani msaidizi wa ndege za ATR, ana siri: ameitwa usaili huko huko. Ghafla Kapteni Gervas anachomoa karatasi mfukoni. "Humu ndani yumo aliyewaandikia wale. Jina lake ninalo."

SASA ENDELEA...

Meza nzima ikaanza kusoma lebo za chupa.

"Litaje basi," alisema Kapteni Idrisa, mkongwe kuliko wote pale. "Kama ni kijana wangu nitamwombea dua apite."

Wakacheka. Gervas hakucheka. Aliikunja karatasi, akairudisha mfukoni, akatandaza nyingine mezani.

"Sikuja kumwaibisha mtu. Nataka saini zenu hapa."

Ilikuwa barua ya kurasa mbili kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, kuomba hao wageni wachunguzwe upya. Neno "usalama" lilikuwa katika kila aya.

Hapa niweke langu, msomaji. Rubani akikwambia "usalama", msikilize mara mbili. Kuna siku anamaanisha usalama, na kuna siku anamaanisha kiti chake. Kazi ipo kwenye kuzitofautisha, maana sauti anayotumia ni ile ile.

"Ndege inatua, inashusha, inapakia, nusu saa imeondoka," alisema Gervas. "Nani kaikagua? Na muuza mafuta hana habari kwamba wewe umekata tiketi ya elfu thelathini na mbili. Lazima wabane mahali, na watabana pale ambapo abiria haoni."

"Gervas, hiyo elfu thelathini na mbili ni ya viti vichache vya kwanza," Idrisa alijibu. "Anayekata tiketi siku moja kabla ya safari anakamuliwa kama kwetu tu. Southwest ya Marekani inaruka hivyo tangu 1971. easyJet ilianza 1995 na ndege mbili za kukodi, na mwanzilishi wake, Stelios Haji-Ioannou, ndiye huyo huyo yuko nyuma ya hawa. Hawabani mafuta. Wanabana chakula, wanakutoza begi, wanatumia ndege za aina moja ili fundi na rubani wajue kitu kimoja. A319 wameipakia viti 156, na haipewi nafasi ya kupumzika. Yako jana ilikaa Mwanza muda gani?"

"Saa mbili na nusu."

"Nani alilipia?"

Gervas akanywa bia.

Ndipo Kulwa, kijana asiye na maneno mengi, akafungua mdomo. "Mimi sina ugomvi na ndege yao. Wataleta makapteni kutoka nje, kwa sababu saa zetu sisi ni za ndege za panga. Miaka sita nasubiri kiti cha kushoto. Nikihamia kwao naanza upya kulia. Nikibaki, na hawa wa kwetu wakifunga duka, je?"

Hakupata jibu. Usiku ule mzima ndiyo yalikuwa maneno ya kweli kuliko yote, na hayakuwemo kwenye barua.

Salma alikuwa na hesabu yake pia. Mafunzo yake ya ATR yalilipiwa na shirika, na mkataba ulisema akiondoka kabla ya miaka mitatu azirudishe fedha zote, tena kwa dola. Mama yake Tanga hajui hata kama kuna deni. Anachojua ni kwamba mwanawe anaendesha ndege.

Barua ilizunguka. Wengi walisaini. Ilipomfikia, Salma alisema anawahi bajaji.

Gervas alimfuata hadi nje.

"Kesho saa kumi na mbili asubuhi niko na wewe, mdogo wangu. Tutaongea vizuri huko juu. Huko hakuna wa kutusikia."

* * *

Boza la mafuta lilikuwa limeshaegeshwa chini ya bawa Salma alipofika. Kijana wa mafuta akainua kidole, akisubiri neno alilozoea kulisikia kwa Gervas kila asubuhi ya kwenda ziwani: *ongeza mia nne*. Kilo mia nne za ziada, kwa ajili ya mvua za alfajiri za Ziwa Viktoria, ambazo hujijenga juu ya maji usiku kucha na hazisomi ratiba ya mtu.

Gervas alitikisa kichwa. "Leo hapana."

"Kapteni?"

Akampa waraka wa idara ya safari. Kuanzia wiki ile, kapteni atakayebeba mafuta ya ziada atajieleza kwa maandishi. Kubeba uzito nako kunakula mafuta, waraka ulifafanua, na katika mazingira mapya ya ushindani kila kilo ina gharama.

Salma aliusoma mara mbili. Wageni walikuwa hawajamaliza hata mwezi mmoja, na tayari kuna waliobana pale ambapo abiria haoni. Ila waliobana hawakuwa wageni.

"Tunayo ya kufika Mwanza," Gervas alisema, "ya kutoka Mwanza hadi Kilimanjaro ikishindikana, na nusu saa juu yake. Sheria imetimia."

"Sheria imetimia, Kapteni. Na ile barua ya jana inasemaje kuhusu mafuta?"

Akasaini karatasi ya mizigo bila kumtazama.

Abiria walikuwa sitini na mmoja. Dar hadi Dodoma hakuna aliyesema neno lisilo la kazi. Karibu na Shinyanga, Airbus ya Fastjet iliyoondoka nyuma yao ikawapita juu kabisa, na rubani wake mwenye lafudhi ya Kizungu akaita Mwanza. Namba moja akawa yeye. Wao namba mbili.

Na Mwanza ilikuwa imezibwa. Wingu lilikuwa limeukalia uwanja kuanzia ziwani hadi vilima vya Ilemela, na mnara ukaziambia ndege zote mbili zizunguke zikisubiri.

Mzunguko wa kwanza: kilo 1,010. Salma alikuwa ameandika namba moja kwenye karatasi ya gotini na kuipigia mstari: 950. Ikifika hapo, ama wanageuza kwenda Kilimanjaro, ama wamejifunga kutua Mwanza kwa vyovyote.

Mzunguko wa pili: 970.

"Kapteni, tunakaribia."

"Naona. Linasogea hilo."

Mzungu akaingia hewani kwa upole. Wao wana mafuta ya kusubiri karibu saa nzima, alisema. Kama ATR ina haraka, itangulie, wao hawana neno.

Wale wa bei rahisi walikuwa na akiba!

Gervas alijibu kabla Salma hajavuta pumzi. "Asante. Hatuna tatizo."

Namba ikasoma 940. Kisha 925. Kilimanjaro ikawa imepita, na hakuna aliyeitaja.

"Kapteni, tuwaambie *minimum fuel*. Siyo hali ya hatari. Tunawajulisha tu kwamba hatuwezi kucheleweshwa zaidi."

"Jamaa wasikie? Kesho ziwe stori za Dar nzima kwamba sisi ndio tuliokuja mikono mitupu?"

"Nitasema mimi."

Kidole chake kikaelekea kwenye usukani. Pale pana swichi moja ndogo: ukiisukuma huku unaongea na mwenzako, ukiisukuma kule anga yote inakusikia. Gervas aliwahi ya kwake, akaibana kwa hasira, akasema kwa Kiswahili, taratibu, neno kwa neno:

"Ukithubutu kutaja mafuta, nikitua tu ile karatasi yenye jina lako inakwenda kwa meneja. Usaili wako wa Jumatano usahau, na deni lote utalipa."

Akaachia swichi.

Kimya. Salma hakuangalia mafuta wala wingu. Alikuwa anatazama kidole gumba cha kapteni, na upande ambao swichi ilikuwa imesukumwa.

Kisha sauti ya mwongoza ndege wa Mwanza ikaingia masikioni mwao wote wawili, nayo haikuwa ya Kiingereza:

"Kapteni, tumekusikia. Karatasi gani hiyo? Na mmebakiwa na mafuta kiasi gani?"

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO