Jezi ya Kijani Yarudi Mitaani

Kabla ya kuwa klabu, Gor Mahia alikuwa mtu: mganga mashuhuri wa ukoo wa Ogalo, wa Kanyamwa, Ndhiwa ya leo katika Kaunti ya Homa Bay. Jina lake lilitajwa kwa heshima na kwa hofu. Mwaka 1968, Luo Union na Luo Stars zilipoungana, timu mpya ikachukua jina hilo na kutwaa ubingwa wa Kenya mwaka huohuo. Makao yake ni Nairobi, lakini ukimwambia mtu wa Ndhiwa kwamba K'Ogalo, kama klabu inavyoitwa na mashabiki, ni ya Nairobi, jiandae kubishana.

Leo jezi yake ya kijani huvaliwa hata mitaani, lakini nguo ya michezo kugeuka vazi la kiume la mitaani si jambo jipya. Mwaka 1933 bingwa wa tenisi wa Ufaransa, René Lacoste, alianza kuuza fulana ya kola yenye nembo ya mamba. Mwingereza Fred Perry, aliyeshinda Wimbledon mara tatu mfululizo, akafuata mwaka 1952. Baadaye fulana hizo zilivaliwa na watu wasiowahi kushika raketi. Huku Migori na Homa Bay zilifika kwa mitumba, hasa biashara hiyo ilipofunguliwa miaka ya 1990. Belo likikatwa, muuzaji mzoefu haangalii rangi kwanza. Anageuza fulana ndani nje, anakagua uzi wa nembo na kuivutavuta kola. Iliyo safi huitwa kamera, yaani daraja la kwanza, na bei yake inapanda. Iliyochakaa inatupwa kwenye fagia, fungu la mabaki ya bei ya chini.

Jezi ya kijani, kwa upande wake, haikupanda thamani kwa ushonaji. Ilipanda mwaka 1987, Gor Mahia ilipotwaa Kombe la Washindi Afrika. Walitoka sare ya 2-2 na Espérance kule Tunis, kisha 1-1 Kasarani, na mabao ya ugenini yakaamua. Peter Dawo aliibuka mfungaji bora wa mashindano. Halafu kukaja ukame: baada ya ubingwa wa 1995, ligi haikurudi kwa K'Ogalo hadi 2013. Ushindi huo, uliofuatiwa na mataji ya 2014 na 2015, ndio uliorudisha kijani mitaani. Mwaka 2017, timu ilipocheza na Everton ya Uingereza jijini Dar es Salaam, kifua cha jezi kilikuwa kimebeba jina la SportPesa, kampuni ya kamari. Kwangu mimi, jezi isiyo na tangazo la kamari ndiyo inayopendeza zaidi.

Tatizo la kurudi huko mitaani ni jezi feki: anayeivaa anaipenda klabu bila kuichangia hata senti. Klabu ingetoa upya, kwa ubora wa kweli, jezi ya 1987, wanunuzi wangekuwapo Rongo, Awendo, Mbita na Kendu Bay.

Nanyi wenye jezi asili za miaka hiyo kabatini, msiziache ziwe matambara ya kufutia pikipiki. Jumba la makumbusho la Abasuba liko kisiwani Mfangano. Ombeni zipewe nafasi huko.