Kimondo au Mavi ya Chuma?

Huku Kitale na Bungoma, mtu akiokota jiwe jeusi, zito kuliko linavyoonekana, anauliza kama ni kimondo. Kabla hujamjibu anauliza bei.

Swali lenyewe si la kipuuzi. Agosti 14, 1992, alasiri, mawe yalimwagika kutoka angani juu ya Mbale, Uganda, upande wa pili wa Mlima Elgon huu huu wetu. Kipande cha gramu 3.6 kilipenya majani ya mgomba kikampiga kijana kichwani, na hakuumia. Watafiti waliandikisha mawe 863, jumla kilo 150 hivi. Kubwa kuliko yote lilikuwa na kilo 27.4. Wako waliosaga mawe hayo wakayatumia kama dawa ya ukimwi. Mimi siwacheki. Ukimwi ulikuwa unafunga maboma, dawa ya kweli haikuwepo, na hapa kuna jiwe lililoshuka mbinguni mchana kweupe, watu wakiona.

Lakini mawe ninayoonyeshwa mimi hakuna aliyeyaona yakianguka. Mengi yana matundu kama mkate, na kimondo kwa kawaida hakina matundu. Kikiwa kipya kina ganda jembamba jeusi. Ndani, mara nyingi ni kijivu chenye chembe za chuma zinazong'aa. Sumaku? Itanasa, sawa, lakini hata mawe ya Elgon inayanasa, maana mlima huu ni volkano ya zamani. Afadhali ulisugue upande wa nyuma wa kigae, ule usiong'aa. Likiacha mstari mwekundu au mweusi uliokolea, hilo ni jiwe la hapa hapa duniani.

Sasa kuna aina moja inayonishika kila mara: zito, lina matundu, limeyeyuka upande mmoja kama nta. Hayo ni mavi ya chuma, takataka za tanuri la mhunzi. Mwenye nalo husikitika, eti ameokota uchafu. Mimi hapo ndipo napata hamu. Kabla ya majembe ya dukani, magharibi mwa Kenya ilikuwa na wafua chuma wake. Wale wa Samia, kusini-magharibi ya Bungoma, walisifika kwa majembe yao. Kimondo kingetua popote. Mavi ya chuma yako pale kwa sababu mtu alichoma makaa pale, akavuta mivukuto, akapata chuma.

Kwa hiyo huwa nauliza: uliliokota wapi hasa? Kulikuwa na majivu, au vipande vya mrija wa udongo? Mengine umeyaacha pale pale? Usiyachimbue. Jumba la makumbusho liko Kitale tangu 1974. Peleka moja, ueleze ulipolitoa. Na kama kuna mzee katika boma hilo, muulize nani alikuwa mhunzi. Mabroka wanaokuja na sumaku mfukoni hawajawahi kuuliza hivyo, na shamba likishalimwa kwa trekta halitakuwa na la kujibu.