Kwa nini kompyuta hukosea mvua ya Rungwe, na jinsi inavyorekebishwa

Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Ng'ambo ya milima, bonde la Usangu halipati hata nusu ya kiasi hicho. Kwa mkulima anayepiga dawa ya ukungu kwenye viazi, mvua isiyotarajiwa huosha dawa na pesa yake pamoja. Hapa tunaeleza kwa nini mvua hii ni ngumu kukokotoa.

Mlima usioonekana

Upepo wa kusini-mashariki hubeba unyevu kutoka Ziwa Nyasa, lililo chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari. Ukifika Mlima Rungwe, wenye karibu mita 3,000, hewa hupanda, hupoa na kumwaga mvua.

Watabiri hutumia modeli, yaani programu ya kompyuta inayogawa anga katika vyumba na kukokotoa upepo, joto na unyevu wa kila chumba. Modeli za dunia nzima zina vyumba vipana, vingi vya kilomita 10 hadi 25. Ndani yake mlima wetu huonekana kama kilima tu.

Modeli ya eneo

Modeli ya eneo ina vyumba vya kilomita chache, hivyo huuona mlima vizuri. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutumia mojawapo, iitwayo WRF. Modeli hizi hupokea taarifa za modeli ya dunia mipakani mwake tu. Zikiendeshwa kwa muda mrefu, katikati huanza kupotea: ukanda mvua unaweza kusogea mahali usipokuwa, na mvua ya Rungwe ikahesabiwa kwa mwezi usio wake.

Kamba ndefu

Mwaka 2000, Hans von Storch na wenzake wa Ujerumani walichapisha njia ya kuzuia upotevu huo. Modeli ya eneo husukumwa taratibu ifuate modeli ya dunia, lakini kwa mambo makubwa tu, kama pepo za juu zinazotawala mamia ya kilomita. Mambo madogo, kama wingu la mchana mlimani, huachwa huru.

Ni kama ng'ombe aliyefungwa kamba ndefu: majani anachagua mwenyewe, ila shamba la jirani hafiki. Kamba ikiwa fupi mno, modeli hunakili tu ile ya dunia na faida ya kuuona mlima hupotea. Na modeli ya dunia ikikosea, kosa hilo huingia pia.

Inatusaidia nini?

Njia hii hutumika zaidi kukokotoa upya hali ya hewa ya miaka iliyopita na kukadiria tabianchi ijayo. Hapo ndipo tunaweza kujua kama mteremko fulani utaendelea kufaa kwa chai au maparachichi, miti ya kuvunwa kwa miaka mingi.

Bado hesabu lazima ilinganishwe na mvua halisi. Shule au kikundi chenye kipima mvua kiandike kipimo kila asubuhi, saa ileile. Kwa kazi za wiki hii, fuatilia utabiri mpya wa TMA kila siku, ukikumbuka kwamba utabiri wa mkoa hauwezi kueleza kila mteremko.