Ini Lako Pia Liko na Saa

Mwaka 1729 huko Ufaransa, Jean-Jacques d'Ortous de Mairan alifungia gizani mmea wa aina ya kifauwongo. Jua hakuna, lakini majani yakaendelea kufunguka mchana na kujikunja usiku. Yaani mmea uko na saa yake ndani!

Ya ini ilikuja baadaye sana. Mwaka 2000, maabara ya Ueli Schibler kule Geneva ililisha panya mchana, wakati wao hulala. Saa ya ubongo haikusonga. Ya ini ikageuka, ikafuata chakula.

Sasa mimi na chipsi zangu za saa saba usiku nikihariri video? Na msiniambie strungi itaosha. Ni kweli polifenoli za chai zimepunguza mafuta kwenye ini la panya waliolishwa vibaya, lakini hakuna aliyewauliza walikula saa ngapi.