Safura, Pemba na Kichefuchefu cha Mimba Changa

Katika masoko mengi ya Tanzania, kando ya mafungu ya tangawizi, ukwaju na ndimu, utakuta vijiti vya udongo vyenye unene wa kidole, vya kijivu au vya kahawia, vilivyokandwa kwa mkono na kukaushwa. Watu huviita pemba. Kijiti kikiguswa kwa ulimi hunata, maana hufyonza mate papo hapo, na hutoa harufu ileile inayopanda mvua ya kwanza inapopiga vumbi. Wanunuzi wake wakubwa ni wanawake wenye mimba changa, wale ambao mate huwajaa mdomoni tangu alfajiri, na ambao kitunguu kinachokaangwa kwa jirani kinatosha kuwakimbiza uani. Wengi hula kwa kujificha, kwa sababu wanajua wataambiwa nini nyumbani na kliniki: acha uchafu huo, utapata minyoo, utaishiwa damu. Hoja yangu ni kwamba karipio hilo ni kongwe kuliko utafiti wowote uliofanywa juu yake. Kwa miaka mingi mla udongo amelaumiwa kwa ugonjwa ambao haukuingia kwa mdomo wake, na lawama hiyo imetuzuia kuuliza swali lililopaswa kutangulia: mama huyu anaumwa nini hata akimbilie udongo?

Jina lenyewe lisitupotoshe tukadhani kwamba mambo haya yalianzia kisiwani Pemba. Neno hilo, kwa maana ya udongo mweupe, limeenea katika lugha nyingi za Kibantu; Wakongo wa upande wa Atlantiki huita mpemba udongo mweupe wanaoutumia katika matambiko. Wajaluo wana odowa yao. Kilifi, watafiti walipowahoji wajawazito miaka ya 1990, walikuta udongo unaopendwa zaidi ni ule wa ukuta wa nyumba, ukuta wa fito na udongo unaobanduka kwa ukucha. Desturi iliyotawanyika hivyo, yenye majina mengi na machimbo mengi, haiwezi kuwa kituko cha kijiji kimoja.

Mwaka 1870 mmisionari na msafiri David Livingstone alikwama Kabambare, nchi ya Wamanyema, mashariki mwa Kongo ya leo, akiwa mgonjwa na asiye na dawa, akiishi kwa hisani ya wafanyabiashara wa pwani. Katika shajara yake, iliyochapishwa mwaka 1874 baada ya kifo chake, aliandika habari za safura, akieleza kuwa ndilo jina la ugonjwa wa kula udongo huko Unguja. Aliandika kwamba walaji husifu harufu yake. Aliandika kwamba miguu huvimba, mwili hukonda, pumzi hukata, na mgonjwa huendelea kula mpaka afe. Alisisitiza kwamba ugonjwa huo haukuwa wa watumwa peke yao, kwani hata matajiri wenye chakula tele waliupata, na kwamba watumwa hawakula ili wajiue. Katikati ya maelezo hayo akatia jambo moja kwa ufupi sana: wanawake wa Kimanyema wakiwa na mimba hula udongo mara kwa mara.

Ule msisitizo kuhusu kujiua ulikuwa na sababu. Katika mashamba ya miwa ya Karibi na ya pamba kusini mwa Marekani, mabwana walikuwa wameamua kwamba mtumwa anayekula udongo anajiangamiza kwa makusudi ili kumtia bwana hasara. Madaktari wao wakaupa ugonjwa huo jina la Kilatini linalomtaja Mwafrika, kana kwamba ni kasoro ya damu yake, na baadhi ya watumwa wakafungwa usoni barakoa za chuma zenye kufuli ili wasitie kitu kinywani. Livingstone aliikataa dhana hiyo, na kwa hilo anastahili sifa. Hata alikisia kwamba huenda udongo ni jaribio la mwili kujitibu, lakini wengi waliomfuata waliendelea kuweka udongo mahali pa chanzo na uvimbe mahali pa matokeo.

Mwishoni mwa karne ya 19, mjini Kairo, mtaalamu wa Kijerumani Arthur Looss alidondokewa mkononi na maji yenye viluwiluwi vya minyoo, ngozi ikamuwasha, na baada ya muda akakuta mayai ya minyoo hiyo katika choo chake mwenyewe. Hivyo ndivyo ilivyojulikana kwamba minyoo hii hupenya ngozi. Mkulima anayekanyaga tope pekupeku huichukua kwa nyayo. Hujishikiza kwenye utumbo, hunyonya damu miezi na miaka, na mwenyewe hubaki na uso uliopauka, miguu iliyovimba na pumzi fupi. Ni picha ileile iliyochorwa Kabambare. Lugha yetu ilishaumaliza ubishi huu kabla ya wengi wetu kuutambua, kwani leo tukisema minyoo ya safura tunamaanisha minyoo hiyohiyo inayoingia kwa nyayo. Neno lilibaki na ugonjwa, likaachana na udongo. Yaelekea mtu aliyenyonywa damu ndiye aliyetamani udongo, na waliomtazama wakadhani udongo ndio uliomnyonya.

Tena waganga wa pwani walikuwa karibu na ukweli kuliko wenye barakoa za chuma. Livingstone alinakili dawa ya safura iliyotumiwa na baba wa mwenzake wa Kabambare. Siki ya zamani ya mnazi humiminwa katika bakuli kubwa, kisha mavi ya chuma yaliyookwa mpaka yakawa mekundu hutoswa humo. Huongezwa mvuje na chumvi ya kijani ya chuma, na mgonjwa hunywa kidogo kabla ya kula, asubuhi na jioni, kwa siku 7. Chuma cha moto ndani ya siki hutoa maji yenye madini ya chuma, na ile chumvi ya kijani ni salfeti ya chuma, kiini cha vidonge vya kuongeza damu ambavyo mama mjamzito hupewa kliniki hadi leo. Sisemi kwamba dawa ile ilikuwa salama. Ilitapisha na kuharisha, na mgonjwa alikatazwa samaki, mayai na nyama ya ng'ombe kwa miaka miwili, mwiko uliomnyima damu ambayo dawa ilikuwa ikijaribu kumrudishia. Lakini aliyeitunga alikuwa akitibu upungufu wa damu, hakuwa akiadhibu tabia.

Turudi kwa wale wanawake wa Kimanyema, ambao shajara iliwapitia upesi. Kwa nini wajawazito? Utafiti wa Geita, uliochapishwa mwaka 2014, uliwahusisha wajawazito 340, na karibu nusu yao, asilimia 45.6, walikuwa wakila udongo. Zaidi ya nusu ya hao walianza katika miezi mitatu ya kwanza. Kisiwani Pemba, uchunguzi wa wajawazito 2,368 uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta walaji wa udongo ni wachache, kama watano katika kila mia, ilhali zaidi ya theluthi moja walikuwa wakitafuna wanga mkavu, hasa mchele mbichi. Watafiti wakaona kwamba hamu hizo ziliandamana na upungufu wa damu na pia na matatizo ya tumbo. Miezi mitatu ya kwanza ndiyo miezi ya kichefuchefu. Na pemba na mchele mbichi, vitu viwili vilivyo mbali kabisa kwa lishe, vina sifa moja ya pamoja: ni vikavu, hunywa mate na hutuliza kinywa kilichofurika. Mwenye kutapika mara sita kwa siku haoni ajabu yoyote katika uchaguzi huo.

Atakayesema kwamba haya ni mazoea ya watu wasio na hospitali, na atazame hospitali zilifanya nini. Mwandishi Charlotte Brontë alikufa mwaka 1855 akiwa na mimba changa, baada ya wiki za kutapika bila kukoma, na wengi huamini hilo ndilo lililomuua. Katika miaka ya 1930 bado kulikuwa na madaktari walioamini kwamba kutapika kupita kiasi ni moyo wa mama kuikataa mimba au kumkataa mume. Mgonjwa alitengwa, wageni wakazuiwa, na kuna waliofundisha kwamba anyimwe hata beseni la kutapikia. Nchini Uingereza kati ya 1931 na 1940 hali hiyo iliua wanawake 159 katika kila uzazi milioni moja. Kati ya 1951 na 1960, walipozoea kutundikiwa maji, walikufa 3. Mwaka 1957 Ujerumani Magharibi iliruhusu kidonge cha thalidomaidi, nacho kikasambazwa kwa wajawazito kama kitulizo salama. Kilipoondolewa sokoni mwaka 1961 watoto wapatao 10,000 duniani walikuwa wameathirika, wengi wakizaliwa bila mikono au miguu kamili. Ilibidi kungoja mpaka Desemba 2023 ndipo watafiti walipoonyesha kwamba chanzo kikubwa ni homoni iitwayo GDF15, inayotoka kwa mtoto na kondo la nyuma, na kwamba anayeumia zaidi ni mama ambaye mwili wake haukuizoea kabla ya mimba. Nasi huku tuna usemi wetu kwamba mimba imemkataa mume. Usemi huo nao unamtwika mama na ndoa yake mzigo ambao ni wa homoni.

Wala udongo si kitu kigeni kwa tabibu. Katika karne ya 2 tabibu Galeni alisafiri mpaka kisiwa cha Lemnos kuchukua maelfu ya vidonge vya udongo vilivyopigwa muhuri, dawa ya sumu na ya tumbo. Kaolini, udongo mweupe laini, ilikaa miaka mingi kwenye chupa za dawa ya kuhara. Sokwe wa milima ya Mahale, mkoani Kigoma, hula udongo wa vichuguu, na wanasayansi waliouchambua walikuta madini yanayokaribiana na ya dawa hiyo ya dukani. Udongo ukiwa ndani ya chupa yenye lebo tunauita dawa. Ukiwa kwenye kiganja cha mama tunauita ugonjwa.

Wapo watakaopinga, na wana haki ya kusikilizwa. Kuhusu minyoo, jibu linategemea mahali: watoto wa shule wa Nyanza waliokula udongo waliambukizwa upya minyoo mikubwa ya tumbo zaidi ya wenzao, lakini utafiti wa Zanzibar wa mwaka 2007 haukuona uhusiano kati ya kula udongo na safura. Kuhusu damu, hoja ni nzito. Kati ya wajawazito 275 wa Kilifi, asilimia 56 walikula udongo mara kwa mara, na damu yao ilikuwa pungufu kuliko ya wenzao. Huenda kukosa chuma ndiko kunakoleta hamu, na huenda udongo ndio unaokizuia chuma kisifike kwenye damu. Lakini watoto wa Lusaka waliopewa vidonge vya chuma hawakuacha udongo kwa sababu hiyo, kwa hiyo kidonge peke yake si jibu. Pingamizi linalonishinda kabisa ni la sumu. Vijiti vya Geita, nchi ya machimbo ya dhahabu, vilikutwa na aseniki, kromiamu na nikeli, na anayekula kiasi cha gramu 40 kwa siku, kama walivyokadiriwa wanawake wa Kilifi, hula na hayo. Kwa hiyo sitetei uuzaji wa pemba, na nisingependa mjamzito yeyote auzoee udongo wa machimboni.

Ninachokipinga ni karipio linalokuja kabla ya swali. Mama aliyekatazwa udongo bila kutulizwa kichefuchefu hauachi. Huenda kuula chooni, na safari ijayo hasemi. Muuguzi wa kliniki, mama mkwe, na wewe mume unayekuta vumbi la pemba chini ya mto, anzeni kwa kumuuliza ametapika mara ngapi tangu jana, maji yanakaa tumboni au yanarudi, mkojo una rangi gani. Mpimeni damu. Akisema hata maji hayakai, apelekwe hospitali siku hiyohiyo atundikiwe dripu, na mazungumzo ya udongo yasubiri mpaka apate nguvu ya kuyasikiliza.